Iboga, ubani na ngoma ya pepo: mmea hautendi kazi nje ya shughuli yake

Mwanzisha uzi (Temeke)

Wakuu, salaam kwenu nyote. Nauandika uzi huu kwa sababu ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye alitumia unga, yaani heroini, kwa miaka tisa na ambaye sasa ni mwaka wa pili anakwenda kliniki kila asubuhi kunywa metadoni, dawa ya kumsaidia aliyeacha unga, dirishani, mbele ya muuguzi. Wiki iliyopita alinionyesha ujumbe kwenye simu yake. Kuna mtu tusiyemfahamu anayeuza magome ya mzizi wa iboga, anadai kwamba usiku mmoja unatosha kumtoa mtu kwenye unga bila arosto, yale maumivu ya kuacha, na bei yake ni shilingi milioni moja na nusu. Mdogo wangu aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo: "Kaka, kama ni mti wa Afrika na wazee wenyewe wanauheshimu, ubaya wake uko wapi?" Nimekaa na swali hilo siku kadhaa, nikasoma, nikakumbuka pia niliyoyaona utotoni, na leo naiweka kauli yangu hapa muipime.

Naamini kwamba mimea hii inayoitwa mitakatifu haikupewa heshima hiyo na utomvu wake pekee. Kila mahali ilipoheshimiwa ilikuwa imefungwa ndani ya shughuli: kuna usiku maalumu, kuna ngoma, kuna mtu mzima anayeijua njia, na kuna watu wanaosubiri kumpokea aliyekwenda atakaporudi. Anayeuza gome kwa simu anauza sehemu moja ya jambo lenye sehemu nyingi, tena ile sehemu inayoweza kuua.

Nianze na iboga yenyewe. Ni kichaka cha misitu ya Gabon na nchi jirani, na magome ya mzizi wake ndiyo yanayoliwa katika ibada ya Bwiti, ambayo Wafang waliipokea kutoka kwa makabila ya msituni kama Wamitsogo. Anayeingizwa hula magome hayo machungu kidogo kidogo kwa saa nyingi, mwili wake ukiwa umepakwa udongo mweupe, huku kinubi cha nyuzi 8 kinachoitwa ngombi kikipigwa usiku kucha. Pembeni yake wapo baba na mama wa ibada, ambao kwa lugha yetu tungewaita makungwi, nao hawambanduki. Wanamtazama anavyopumua, wanamshika anapotapika, na wanajua lini aongezewe na lini asimamishwe. Anakwenda kuwaona wazee waliokufa, na akirudi analazimika kusimulia alichokiona. Hapo ndipo anapohesabiwa kuwa ameingia.

Mwaka 1901 Wafaransa walitenga kemikali ya mzizi huo, wakaiita ibogaini, na baadaye vidonge vyake viliuzwa Ufaransa kwa jina la Lambarène, kama dawa ya uchovu. Habari ya unga ilikuja mwaka 1962, pale kijana wa Marekani mwenye umri wa miaka 19, Howard Lotsof, aliyekuwa mtumiaji wa heroini, alipomeza ibogaini kwa ajili ya kujaribu tu na akagundua kesho yake kwamba hana hamu wala maumivu ya kuacha. Kwa hiyo mwuza magome hajatunga kila kitu. Amechukua ukweli nusu, na ukweli nusu ndio unaonitia hofu kuliko uongo mtupu.

Sasa niwapeleke Mbagala. Nilikuwa na miaka tisa hivi shangazi yangu alipofanyiwa ngoma ya pepo, na sisi watoto tulikaa ukumbini tukichungulia. Mganga alivunja madonge ya ubani kwa kucha, akayaweka juu ya makaa ya chetezo, kisha akamfunika shangazi kwa kaniki pamoja na chetezo kile mpaka moshi ukawa unatokea pindoni. Nje ya kaniki manyanga yalikuwa yanatikiswa karibu kabisa na masikio yake. Usiku wa kwanza haukutokea kitu. Usiku wa pili mabega yakaanza kutetemeka, kwanza taratibu kama mtu mwenye baridi, halafu akapandisha, na sauti iliyotoka ikawa nzito, si yake. Mganga hakushtuka. Alimwambia kwa adabu, kama anavyoambiwa mgeni aliyebisha hodi: "Karibu. Jina lako nani, na unataka nini?"

Pepo alitaka kitambaa chekundu, alitaka pete ya fedha, na alitaka kiti chake, yaani shangazi mwenyewe aliyempanda, kipelekwe Kisiju kila mwaka kuzuru kaburi la mama yake. Nimekuja kulielewa ombi hilo la tatu nikiwa mtu mzima. Shangazi alikuwa ameolewa katika nyumba ambayo hakuruhusiwa kutoka, na kwa miaka yote ile hakuwa na mdomo wa kuliomba jambo hilo. Pepo aliliomba kwa niaba yake mbele ya ukoo mzima, nao walikubali kwa sababu lilikuwa sharti. Alikwenda Kisiju mwaka ule na kila mwaka baada ya hapo.

Katika siku zote tatu hakumeza chochote ambacho mkemia angekiita kilevi. Aliogeshwa vuo la majani ya mvumbasi na mrehani, akavuta moshi wa ubani, na kazi kubwa ikafanywa na ngoma, usingizi uliokatwa, na macho ya watu waliomzunguka. Najua mwaka 2008 watafiti walichapisha kwamba kiungo kimojawapo cha utomvu wa ubani huwapunguzia panya wasiwasi, na sitaki kupuuza jambo hilo, lakini panya hakuulizwa jina lake wala anachotaka.

Kwa mfano wa mbali zaidi, Wawixárika wa Meksiko husafiri mamia ya kilomita kwenda jangwa la Wirikuta kuchuma peyote, kakati mdogo usio na miiba ambao huchukua miaka mingi kukomaa. Kabla ya kufika, kila msafiri huungama makosa yake ya mapenzi mbele ya wenzake, na kwa kila kosa kiongozi wa safari hufunga fundo kwenye kamba, kisha kamba yote hutupwa motoni. Sisi tunaosema kwamba mtu ana fundo moyoni tunapaswa kulielewa jambo hilo bila mkalimani. Peyote huliwa baada ya mafundo kuungua.

Nawakaribisha wenye ujuzi, hasa wa pwani na wa hospitali, wanikosoe.

Mchangiaji wa Tanga

Mwanangu, nimeusoma uzi wako mpaka mwisho na nimeupenda, ila nakurekebisha katika mambo mawili, kwa sababu nimekulia ndani ya nyumba ya uganga na bibi yangu mzaa mama alikuwa fundi.

Kwanza, usiseme kwamba kwetu hakimezwi kitu. Kwa shangazi yako hakikumezwa kwa sababu ya pepo aliyekuwa naye. Ungehudhuria ngoma ya kibuki kule Unguja, ya pepo waliotoka Bukini, yaani Madagaska, ungeona brandi inanywewa waziwazi, na wanaoinywa ni watu ambao siku za kawaida hawagusi pombe. Wenyewe watakwambia kwamba anayekunywa ni pepo, na akishashuka kiti huamka mzima. Lakini hata hapo kauli yako inasimama, maana brandi ile ile kwenye baa ya Chuda isingemleta pepo yeyote.

Pili, neno kupunga limewapoteza wengi. Watu wa mjini hudhani maana yake ni kumfukuza pepo, kama unavyofukuza kuku jikoni. Wako wanaofukuzwa, ndiyo, lakini kwa wengi kinachofanywa ni mapatano. Pepo anapewa haki yake, naye anaacha kuumiza. Kiti huishi na pepo huyo mpaka kufa, na anakuwa mmoja wa watu wa kilinge, yaani wa uwanja wa uganga, anaitwa kwenye ngoma za wenzake, anashika manyanga kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Bibi yangu alikuwa akisema kwamba kazi ya usiku ule ni ndogo, kazi kubwa ni miaka inayofuata. Muulize huyo mwuza magome: baada ya usiku wake mmoja, huyo kijana wenu atakuwa mtu wa kilinge gani?

Mwanzisha uzi (Temeke)

Shikamoo, bibi. Nashukuru kwa kunisahihisha, na hilo la pili nimelinakili kama lilivyo.

Nataka niongeze hapo hapo kwamba lugha yetu ilikuwa na maneno mengi kwa hali hizi kabla magazeti hayajazibeba zote kwenye furushi moja la "kulevya". Mtu wa pombe amelewa. Wa pepo amepandisha. Wa zikri ameingia jadhba. Aliyelala akaonyeshwa jambo ameota njozi. Hatukuwahi kuchanganya hawa wanne, na kila mmoja alikuwa na watu wake wa kumshughulikia. Wakhosa wa Afrika Kusini nao wana mzizi wanaouita undlela ziimhlophe, yaani njia nyeupe, ambao waganga wanaofundwa huupekecha kwenye maji kwa kijiti mpaka povu lipande, wakala lile povu, wakalala. Wanachokitafuta ni njozi iliyo wazi ya wazee wao, na asubuhi lazima waisimulie kwa mwalimu. Naona kila tunakokwenda tunakutana na sharti hili la kusimulia.

Na kuna wasiotumia mmea wowote. Wasani wa Kalahari hucheza usiku mzima kuuzunguka moto, wanawake wakipiga makofi na kuimba, mpaka nguvu wanayoiita n/om ichemke tumboni na kupanda mgongoni mwa mchezaji. Akishafika hapo anawawekea mikono wagonjwa. Hapa kwetu, mwaka 1904, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alichukuliwa na pepo Hongo, akaingia kwenye kidimbwi mbele ya jamaa zake, na inasimuliwa kwamba kesho yake alitoka nguo zikiwa kavu, akaanza kutoa unabii. Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka uliofuata vilitoka kwenye hali hiyo, kwa hiyo asitokee mtu akasema kwamba tunazungumza mambo ya vichochoroni yasiyo na uzito katika historia ya nchi.

Mchangiaji mfamasia (Ilala)

Ndugu yangu, habari ya Bwiti na ya Kisiju imenigusa, lakini naomba kila mtu anayepita hapa aisome sehemu hii hata kama ataruka nyingine zote.

Ibogaini huzuia mlango mmojawapo unaopitisha potasiamu kwenye seli za moyo. Moyo ukishapiga pigo moja huhitaji muda wa kujipanga upya kwa umeme kabla ya pigo linalofuata, na ibogaini hurefusha muda huo. Ukirefuka kupita kiasi mapigo huvurugika, na mtu anaweza kufa ghafla, hata siku kadhaa baada ya kumeza, kwa sababu ini hubadili ibogaini kuwa kemikali nyingine inayokaa mwilini kwa muda mrefu. Vifo vya namna hii vimeripotiwa katika nchi mbalimbali, vikiwemo vya watu waliokuwa wakitafuta tiba ya heroini.

Sasa sikilizeni jambo linalomhusu mdogo wako moja kwa moja. Metadoni nayo hurefusha muda ule ule. Ni dawa nzuri, imeokoa watu wengi tangu huduma ilipoanza Muhimbili mwezi Februari 2011, na kipimo chake hupangwa na watu wanaomwona mgonjwa kila siku. Lakini kumpa ibogaini mtu mwenye metadoni mwilini ni kuubebesha moyo mmoja mizigo miwili ya aina moja. Na akiiacha metadoni siku chache ili "ajiandae", arosto itamrudia, na akishindwa akarudia unga kwa kipimo chake cha zamani, mwili wake hautakuwa tena na uzoefu wa kukistahimili. Njia zote mbili zinaishia pabaya.

Huyo muuzaji hana mashine ya kupima umeme wa moyo. Wala hakuna anayeweza kuwathibitishia kwamba kilicho ndani ya mfuko ni iboga. Nimewahi kuletewa kaunta majani yaliyouzwa kama dawa ya kawaida, kumbe yalikuwa ya mnanaha, na aliyeyanywa alikuwa ameletwa mboni zimetanuka, mdomo mkavu kama karatasi, anazungumza na watu wasiokuwapo. Alipopona hakukumbuka hata chembe.

Mchangiaji wa Magomeni

Asalaam aleikum. Mimi sitaki kumkwaza mtu, lakini naona uzi unapamba mambo ambayo dini imeyakataza. Kumkaribisha jini na kumwuliza anataka nini ni kumpa nafasi asiyostahili. Na kitu kinachoondoa akili ni haramu, kiwe mzizi, uyoga au brandi ya kibuki. Mgonjwa asomewe Kurani, apewe kombe, apelekwe hospitali. Basi.

Mwanzisha uzi (Temeke)

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Hujanikwaza, na katika hospitali tuko pamoja kabisa. Sijaandika ili mtu aige. Ila naomba utazame mfano mmoja kutoka ndani ya dini yenyewe.

Kahawa hii tunayokunywa kijiweni na kashata ilienea kwanza Yemen katika karne ya 15, mikononi mwa Masufi, ambao waliinywa ili wakeshe katika zikri. Mwaka 1511 gavana wa Makka, Khair Beg, aliipiga marufuku kwa hoja kwamba inabadili akili na inakusanya watu vibaya, na marufuku hiyo haikudumu, kwa sababu sultani wa Cairo, aliyekuwa juu ya gavana huyo, aliibatilisha. Mmea ulikuwa mmoja. Kilichobishaniwa ni mkusanyiko: nani anakaa na nani, usiku, wakifanya nini. Nawaambia hivi kwa sababu kule Kagera kahawa ilikuwa na daraja jingine kabisa. Wahaya waliitafuna ikiwa imechemshwa na kukaushwa, wakampa mgeni kama heshima, na watu wawili walipofanya udugu wa kuchanjiana, buni ilipakwa damu na kila mmoja akaitafuna ya mwenzake. Leo mtoto wa Kariakoo anainunua kwenye kikombe kidogo, hana habari na Sufi wala mchanjano. Mirungi nayo ilikesha na wasomaji wa Harar kule Ethiopia, nasi hapa Bara sheria ya mwaka 2015 imeiweka kundi moja na bangi. Sibishani na sheria. Nasema tu kwamba hatuwezi kuuelewa mmea kwa kuuangalia mmea peke yake.

Na haki inanidai nitaje ushahidi unaoipinga kauli yangu. Kulikuwa na mganga wa Kimazateki, María Sabina, wa mji wa Huautla de Jiménez kule Oaxaca, aliyetibu kwa uyoga aliouita watoto watakatifu. Mwaka 1955 alimruhusu Mmarekani mmoja wa benki, Gordon Wasson, ashiriki kesha lake, na mwaka 1957 habari hiyo ikachapishwa kwenye gazeti la Life. Mwaka 1958 Albert Hofmann, mkemia wa Uswisi, akatenga kemikali yake, psilosibini, na mwaka 1962 akampelekea mama huyo vidonge. María Sabina alivitumia na akakiri kwamba roho ya uyoga imo ndani yake. Kwa hiyo kemikali ina nguvu yake, nami siwezi kulikataa hilo. Lakini angalieni alivyovitumia: usiku, mbele ya altare yake, akiimba nyimbo zile zile.

Yaliyofuata ndiyo yanayoniuma. Wageni walimiminika Huautla kwa mamia, wakila uyoga mchana, barabarani, bila mgonjwa wala sababu. Wenyeji walimlaumu mama huyo kwa kuileta balaa, nyumba yake ikachomwa moto, na mpaka anakufa mwaka 1985 alikuwa amesema kwamba tangu wageni waje watoto wake watakatifu wamepoteza nguvu. Uyoga haukuwa umebadilika. Kilichovunjika ni shughuli.

Hata watafiti wa leo wameliona hilo. Utafiti wa chuo cha Johns Hopkins uliochapishwa mwaka 2006 ulihusisha watu 36, na takriban theluthi mbili yao walisema kwamba siku ya psilosibini ilikuwa miongoni mwa mambo matano yenye maana zaidi maishani mwao. Nao hawakupewa kidonge wakaachwa. Walizoeshwa kwanza kwa mazungumzo ya saa kadhaa, wakalazwa kwenye kochi, macho yakafunikwa, muziki ukachaguliwa, na waangalizi wakakaa nao mchana kutwa. Nilipoisoma taratibu hiyo nilikumbuka kaniki na manyanga.

Mchangiaji wa Tanga

Mwanangu, na kijana mwenyewe anasemaje? Tumemzungumzia sana.

Mwanzisha uzi (Temeke)

Bibi, nilimsomea uzi wote juzi usiku, nikaanza na maneno ya dada mfamasia. Alinyamaza, kisha akaifuta namba ya yule mtu mbele yangu. Asubuhi tulikwenda wote kliniki, na muuguzi alipoambiwa habari ya iboga alimshukuru kwa kusema kabla ya kutenda.

Jana, usiku wa kuamkia Ijumaa, tulikwenda Mbagala kwa shangazi. Ni mzee sasa, miguu inamsumbua, lakini chetezo ni kile kile. Hapakuwa na ngoma wala mganga. Aliwasha makaa, akatia ubani, akamketisha mdogo wangu kwenye mkeka mkabala naye, mama mdogo akiwa ameegemea mlango. Hakumsema kwa miaka tisa ile wala kwa vitu vilivyouzwa ndani ya nyumba. Aliungoja moshi utulie, halafu akamwuliza kwa sauti ya adabu ile niliyoisikia nikiwa na miaka tisa: "Haya, baba. Unataka nini?"

Mdogo wangu alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani hatajibu. Kisha akasema anataka, akiingia nyumbani, dada zake waache kukusanya simu na pochi na kuzipeleka chumbani. Mama mdogo alisikia. Alivua khanga aliyojitanda, akaitandika pembeni mwa mkeka, akakaa.